Mti wa Tatu

Profesa Vasslund alishuka kwenye kituo cha utafiti cha Kwemzitu Jumatatu asubuhi, akanyoosha mgongo, akautazama mlima uliobaki na miti viraka viraka, kisha akasema kwa Kiswahili safi cha Tanga, "Hayawi hayawi, sasa yamekuwa."

Daktari Sikudhani Shemhilu akampa mkono na kutabasamu. Maneno hayo yalikuwa ya baba yake. Hata kile kikohozi kidogo cha kuitangulia methali kilikuwa cha baba yake. Mtu huyu alichukua mti wa marehemu, akachukua heshima yake na kazi yake, na bado alikuwa anazunguka duniani na methali zake mdomoni, wala haoni haya.

"Karibu sana, Profesa. Pole na safari."

"Nimeshapoa, Daktari. Mama hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimu."

Uongo mtupu. Bi Mwantumu alikuwa hajamsalimu Vasslund miaka kumi na tisa, na kama angemsalimu, angemsalimu kwa mwiko uliotoka jikoni. Lakini Vasslund aliitikia kwa furaha, maana aliamini yamekwisha. Kila mwaka Sikudhani alijibu barua zake kwa adabu, na kwake adabu ilikuwa msamaha. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Kati ya methali zote alizozoa kwa yule mzee, hiyo hakuizoa.

Nyuma yake mafundi walikuwa wanateremsha Tumbo. Ni chombo cha chuma kikubwa kama chumba, na watu wa mlimani ndio waliokibatiza jina hilo. Unakipa jenomu ya mti uliokwisha kutoweka, herufi zote za vinasaba vyake tangu ya kwanza hadi ya mwisho, nacho kinaujenga upya ndani ya ute mzito. Baada ya siku arobaini unatoa miche elfu mia tano, kila mmoja unafika kifuani mwa mtu. Shida ni huo ute. Kuuivisha kunachukua miaka miwili, na nchi zote kumi na tatu zilizoungana zilikuwa zimeivisha pipa moja tu. Ulikuwa unga wa sima moja, hakuna wa kujaribia. Ute ukishapashwa moto umekwenda, haurudi.

Mti wenyewe uliitwa mkulwi. Uliota mlima huu na hapana pengine, na ndio mti pekee uliowahi kuushinda ukoga, yaani ule ugonjwa mweupe unaoozesha mizizi na kuangusha misitu ya nchi za joto mmoja baada ya mwingine. Palipo na mkulwi mzima, miti ya jirani nayo inapona. Kwa hiyo dunia nzima ilikuwa inaungojea, nao mti ulikuwa unangojea kiganja cha Sikudhani.

Hiyo ndiyo sheria ya Mkataba wa nchi hizo kumi na tatu. Mti haufufuliwi mpaka nchi ulikoota ikubali, na nchi haikubali kwa karatasi, maana karatasi hughushiwa. Inakubali kwa kiganja cha mtu mmoja aliyeteuliwa, kiganja hai chenye joto na mapigo. Sikudhani alikisotea cheo hicho miaka kumi na mitano. Wenzake walidhani ni mapenzi ya misitu. Yalikuwemo, hatukatai. Lakini hasa alitaka siku moja Vasslund aje asimame mbele yake aombe.

Tuseme alichokifanya, maana watu husahau upesi.

Mzee Kaniki Shemhilu alikuwa mkusanyaji wa mimea wa kituo kwa miaka thelathini. Ukoga ulipoingia, yeye ndiye aliyeona kwamba kwenye mteremko wa Kwembago kuna mkulwi uliochanua misimu mitatu mfululizo ugonjwa ukiwepo. Akamwambia Vasslund, rafiki yake wa miaka kumi na moja, wakiwa wanakunywa chai na mihogo. Akampa na namba za mahali kutoka kwenye daftari lake, kama wenzi wa kazi wanavyopeana. Wiki iliyofuata mzee alilala na homa. Vasslund akapanda peke yake na kipima-mahali mkononi, akakata, akaruka kwao, na mti ukaitwa kwa jina lake kwenye vitabu vyote. Mzee alipolalamika, Vasslund aliwaandikia wakubwa wa kituo kwamba Shemhilu anauza miche kwa magendo. Wakamfungia mzee asitie mguu msituni. Akakaa barazani kwake miaka minne anautazama mlima, kisha akafa. Katika miaka hiyo hiyo mteremko wa Kwembago uliporomoka na kufukia kila mkulwi uliokuwa duniani.

Basi hayo ndiyo aliyoyafanya.

*

Jumanne ilikuwa siku ya kusoma. Mwenye Kiganja, yaani huyo mteule, ana haki ya kuisoma jenomu kabla hajaikubali. Wengi hupitisha macho tu, wakaweka mkono. Sikudhani alikuwa na lake. Alfajiri alipita kwa mama yake akachukua jani la mkulwi ambalo baba yake alilibana kwenye gazeti na kulihifadhi kwenye sanduku la nguo. Hakutafuta kosa. Alikuwa ameshakubali kushindwa, maana angemnyima Vasslund kiganja, wangekufa watu wasiohusika. Alitaka tu kuziona herufi za jani na za Profesa zimefanana, ili Ijumaa akiweka mkono ajiambie moyoni kwamba huu ni wa Baba, semeni mtakavyo.

Hazikufanana.

Alisafisha vyombo, akarudia. Ni mkulwi na mkulwi, ndugu kabisa, lakini miti miwili tofauti. Na kwenye jani la baba yake kulikuwa na kipande cha herufi elfu tisa, cha namna ile inayotengeneza dawa ya kuua kuvu kama huo wa ukoga. Kwenye jenomu ya Vasslund kipande hicho hakikuwepo kabisa. Pale kilipopaswa kuwa, herufi ziliungana tu, kana kwamba hakijawahi kuwepo.

Akaligeuza gazeti. Pembeni, kwa ile kalamu ya risasi ya mzee, kulikuwa na tarehe, namba za mahali zilezile za Vasslund, na maneno machache: *Wa tatu. Umechanua. Wa kwanza mizizi inanuka.*

Alasiri akarudi kwa mama yake. Bi Mwantumu alikuwa uani anachambua maharage kwenye ungo.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Mara mbili kwa siku moja? Kuna msiba?"

"Mama, Baba aliposema 'wa tatu' alikuwa na maana gani?"

Mama yake akamtazama kama mtu aliyeulizwa maji yanatoka wapi. "Mti wa tatu. Baba yako hakukata mti wa kwanza hata siku moja. Ndivyo alivyofunzwa na babu yako, na babu yako na wa kwake. Mti wa kwanza unausalimu. Unatua mkoba, unakaa, unasema 'Onga mshi', salamu ya kwetu, unapumzika. Wa pili unauomba ruhusa. Moyo ukisita, unarudi nyumbani mikono mitupu. Wa tatu ndio unaukata."

"Na daftari anaandikia wapi?"

"Anaandikia hapo alipokaa, kwenye wa kwanza. Ulitaka aandike amesimama na goti lile? Anawasha na kile kidude cha kupima mahali hapo hapo. Wenzake wote walijua. Mpishi wa kituo alijua. Ukitaka mti wa Shemhilu, unafika kwenye namba, halafu unahesabu kupanda juu, mmoja, wa pili, wa tatu."

"Vasslund hakujua?"

"Yule alikuwa hakai," alisema Bi Mwantumu. "Baba yako akisalimu miti, yeye yuko mbele anapiga picha. Miaka kumi na moja, hakuuliza hata mara moja kwa nini mzee amekaa hapa na anakata kule."

Sikudhani akajikuta amekaa chini. Vasslund alifika kwenye namba, akaukuta mkulwi una majani mabichi, akaukata kwa pupa. Alikata mti wa salamu. Mti uliokuwa umeshaanza kuoza chini. Miche elfu mia tano ingetoka kwenye huo, ingepandwa nchi kumi na tatu kwa ngoma na hotuba, na msimu wa kwanza wa mvua ingeoza yote.

Alipomweleza mama yake, bibi yule akacheka. Hakucheka kwa sauti. Alicheka mpaka maharage yakamwagika.

"Mwache apande," alisema. "Mwache apande yote, na jina lake juu."

"Milima itakufa, Mama."

"Wa kwetu?"

"Wa kwetu utahimili miaka minne. Wa kina Ratna hauna hata mwaka."

Mikono ya Bi Mwantumu ikasimama kwenye ungo. Ratna alikuwa mtafiti wa kutoka Borneo, mwenzake Sikudhani wa miaka sita hapo kituoni, na kila Ijumaa mchana alikuja kula bada, ugali wa muhogo, nyumbani kwao, akiosha na vyombo bila kuambiwa.

"Basi mimi usiniulize," alisema mama mtu mwishowe, akaanza kuokota maharage. "Mimi ndiye niliyemzika. Nitakwambia vibaya."

*

Jumatano nzima Sikudhani alishinda na Mkataba mezani, akiusoma kwa utulivu, kama mtu anayenoa kisu jikoni.

Njia ya haki ilikuwa fupi. Aende kwa Vasslund leo, aweke jani mezani, aseme umekosea mti. Tumbo lingelishwa herufi za jani, miche ingetoka mizima, na mlima wa Ratna ungepona. Lakini Mkataba ulisema sampuli yoyote ya aina ileile ya mti ikipatikana kabla kiganja hakijawekwa, inaingia kwenye mradi uliopo, chini ya kiongozi wake. Yaani jani la Mzee Shemhilu lingekuwa la Vasslund. Angemwibia mzee hata hilo la mwisho, tena kwa sheria, tena kwa kukabidhiwa na binti yake mwenyewe.

Na kulikuwa na kiapo cha chimbuko. Kabla ya kiganja, kiongozi anaapa ni nani aliyekata mti, wapi, na kwa maelekezo ya nani. Hadi kiganja kinapogusa kioo, anaweza kurekebisha kiapo chake apendavyo. Kikishagusa, kiapo kimekuwa jiwe na mradi umefungwa kwa mti huo mmoja alioapia. Mti mwingine wowote ni wa aliyeukata. Na aliyeapa uongo anafungiwa misitu ya nchi zote kumi na tatu mpaka kufa kwake.

Mpaka kufa kwake. Sikudhani aliisoma sentensi hiyo mara nyingi, na kila mara ilimburudisha.

Ila kiganja kikigusa, ute unapashwa. Ute ukipashwa kwa mti mbovu, mti mzima utangoja miaka miwili.

Alhamisi saa nne Ratna alimletea picha mezani. Mlima wake ulionekana mwekundu, umejaa madoa meusi kwa mistari, mpaka kileleni.

"Dada Siku, unaona? Mashimo. Elfu arobaini na mbili. Wamechimba kwa mikono, mashine hazipandi kule. Baba yangu ana miaka sabini na moja, amechimba mia tatu peke yake. Kila siku ananiuliza, miche imetoka?"

"Mwambie karibu," alisema Sikudhani.

"Nimemwambia siku arobaini kuanzia kesho." Ratna alikuwa anacheka. "Anazihesabu kwa kokoto."

Neno lilimfika Sikudhani kooni. Tunasema hivi ili asije mtu akadhani hakuwa na moyo. Lilifika, akataka kulitoa, na hapo ndipo Vasslund alipoingia na kikombe chake cha chai, akaketi bila kukaribishwa.

Sikudhani akaona ampe mlango wa kutokea. Mmoja tu. "Profesa, ule mkulwi ulioukata Kwembago. Baba ndiye aliyekuelekeza, sivyo?"

Vasslund akakohoa kile kikohozi cha kuazima. "Baba yako alikuwa mtu mwema sana, Daktari. Lakini uzee una mambo yake. Alisahau, akachanganya, akajiona amefanya asiyoyafanya. Mimi sikumwekea kinyongo." Akampigapiga begani. "Nimefikiria jambo. Miche ikitoka, tuweke benchi hapo mbele. Benchi zuri la mbao lenye jina lake, wageni wapumzike. Angefurahi, au sivyo?"

"Angefurahi sana," alisema Sikudhani.

Hakumkasirikia hata kidogo. Hasira ilikuwa imeshavuka ng'ambo ya pili, kule ambako mtu anakuwa mpole kabisa. Ratna alipoondoka na picha yake, Sikudhani alimtakia siku njema.

*

Ijumaa saa nne asubuhi ukumbi ulijaa. Ukutani zilionekana nyuso za wajumbe wa nchi kumi na tatu, wengine kwao kumekucha, wengine kumekuchwa. Tumbo lilikuwa katikati, limesafishwa linang'aa, na mbele yake kioo kidogo cha kuwekea mkono. Ratna alikaa mstari wa kwanza amevaa kitenge alichopewa na Bi Mwantumu.

Vasslund alisoma kiapo haraka haraka, kama kila mtu anavyokisoma. Alipomaliza, Sikudhani alisimama.

"Kwa haki ya Mwenye Kiganja nina maswali matatu," alisema. "Profesa, nani aliyekata mti huu?"

"Mimi, kwa mikono yangu."

"Ni mti uleule uliosimama kwenye namba za mahali ulizoandika, si jirani yake?"

"Huo huo hasa. Niliushika."

"Na nani aliyekuelekeza?"

Vasslund alimtazama, na kwa kitambo kidogo sana macho yake yaliyumba. Angeweza kumtaja mzee. Majina mawili tu, Kaniki Shemhilu, na yote yangekuwa mengine. Lakini mtu akiujenga uongo miaka kumi na tisa, akaishi humo, hatoki kwa sababu umemgongea hodi.

"Hakuna," alisema. "Niliuona mwenyewe."

Sikudhani akaenda akaweka kiganja.

Kioo kikawaka kijani. Tumbo likanguruma chini kwa chini na joto likaanza kupanda kwenye ute. Watu wakapiga makofi. Ratna alikuwa anafuta machozi kwa pembe ya kitenge. Sikudhani aliyangoja makofi yaishe. Aliyangoja kwa raha, tuseme kweli, akiyasikiliza mpaka la mwisho. Kisha akafungua mkoba na kulitoa gazeti.

"Wajumbe," alisema, "hili ni jani la mkulwi lililokatwa siku nane kabla Profesa hajapanda Kwembago. Mwandiko ni wa Kaniki Shemhilu, mkusanyaji wa kituo hiki. Namba za mahali ni hizo hizo za Profesa, hata tarakimu ya mwisho. Na kwa kuwa Profesa ameapa hakuelekezwa na mtu, nitawaeleza alivyokosea njia."

Akawaeleza yote taratibu, kama mtu anayesimulia mapishi. Mti wa kwanza husalimiwa. Wa pili huombwa ruhusa. Wa tatu ndio unaokatwa. Akaonyesha herufi za miti yote miwili ukutani, na kile kipande cha herufi elfu tisa kilichokuwa upande mmoja na kukosekana wa pili. Akasoma maneno ya pembeni: wa kwanza mizizi inanuka.

Vasslund alikuwa amesimama. Uso wake ulianza kwa kutabasamu, ukasahau kuendelea. "Ninarekebisha," alisema. "Ninaomba kurekebisha kiapo. Shemhilu alikuwa mshirika wangu, ndugu yangu, bila shaka aliniel..."

"Kiganja kimeshagusa," alisema mjumbe wa Brazili kutoka ukutani.

"Miaka kumi na tisa nimefanya kazi hii."

"Na kuanzia leo umefungiwa misitu," alisema Sikudhani. "Yote. Unaweza kukaa nje ukaitazama. Tutakuwekea benchi."

Mzee yule wa ng'ambo akakaa. Alionekana mdogo, na hakuna aliyekwenda kumshika. Kwa mara ya kwanza tangu ana miaka kumi na sita, Sikudhani alivuta pumzi ikafika mpaka chini kabisa. Ilikuwa tamu. Anayesema kisasi hakina utamu hajawahi kukingoja.

Kisha mjumbe mmoja akauliza, mti huo wa kweli utatoka lini.

"Ute mwingine unaiva miaka miwili," alijibu fundi wa Tumbo.

Ratna alisimama. Alisimama polepole, ameshika mgongo wa kiti.

"Dada Siku. Ulijua lini?"

Angeweza kudanganya. Alikuwa na uongo tayari, mfupi, wa kutosha, kwamba alijua asubuhi hiyo. Lakini alikuwa ametoka kumvunja mtu kwa ajili ya uongo, mbele ya nchi kumi na tatu, na ulimi ulikataa.

"Jumanne."

"Jana nilikuletea picha ya mashimo."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unajua."

"Ndiyo, Ratna. Ningesema kabla, jani lingekuwa lake. Lingekuwa lake daima. Ingekuwa nimemzika Baba mara ya pili kwa mkono wangu."

Ratna aliyapokea maneno hayo, akayafikiri, kwa sababu alikuwa mtu wa haki. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, "Wa kwanza anasalimiwa. Umetusalimu vizuri, sote. Wa pili anaombwa ruhusa, umesema mwenyewe. Mimi mbona hukuniomba?"

Tumbo lilikuwa linanguruma.

"Pengine ningekupa," alisema Ratna. "Hilo hatutalijua."

Akamgeukia fundi. "Hii mibovu inayotoka. Niandikie elfu arobaini na mbili."

"Itaoza, Daktari. Mvua ya kwanza tu."

"Nimesikia. Mashimo yako wazi. Siwezi kumwambia baba yangu afukie matupu."

*

Saa saba mchana Bi Mwantumu alikuwa ameshatandika mkeka. Habari zilikuwa zimemfikia kabla ya binti yake, maana mlimani habari haihitaji mtambo.

"Ameanguka?"

"Ameanguka, Mama. Amefungiwa mpaka afe. Mti umeandikwa mkulwi wa Shemhilu. Jina lile limefutwa."

Mama yake akafumba macho. Akalitamka jina la mumewe kwa sauti ndogo, mara moja, kama anayemwamsha mtu. Kisha akafumbua, akajifuta uso kwa upande wa khanga, akapakua bada.

Akapakua sahani ya kwanza, akaisogeza. Akapakua ya pili. Akachukua ya tatu, ile ya bati yenye maua mekundu aliyomnunulia Ratna.

"Yuko nyuma?"

Sikudhani akaitazama sahani ile. Bi Mwantumu alingoja, mwiko hewani, akimtazama mwanawe usoni. Alikuwa mtu mzima, aliyezika, na hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Akaufunika ugali uliobaki, akaiweka ile sahani chini ikiwa tupu, mahali pake pa siku zote, kati yao wawili.

"Kula," alisema.

Sikudhani akanawa mikono. Akalimega tonge, akalishika, na tonge likapoa vidoleni.